Darasa la jioni la Kiingereza Chumbageni: hapa unapimwa ukiongea

Nimeulizwa sana inboksi kuhusu hili darasa la Kiingereza la jioni huku Chumbageni, kama ni zuri ama ni yale yale ya kulipa hela ukapewa makaratasi, sasa acha niandike mara moja kila mtu asome. Ni zuri. Kwa mtu mzima anayetaka kuongea Kiingereza na kujitetea kwa Kiingereza mi sijaona linalolifikia hapa Tanga mjini, ingawa kuna watu ntawaambia kabisa msiende na sababu ntazitaja huko chini. Jina la kituo naliacha manake wenyewe ni watu wa kimya na hawajanituma niwatangazie, ila wenyeji mkisikia vyumba viwili vya juu, ngazi ya nje, chini wanauza vifaa vya umeme, mshajua.

Habari za viti na feni sitaziandika sana. Viti vipo, feni zinazunguka, maji ya kunywa unakuja nayo. Ninachotaka kueleza ni namna wanavyopima watu, manake tofauti yote iko hapo.

Kwanza tuelewane tunatokea wapi. Wengi wetu tumesoma msingi kwa Kiswahili, ukiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla, alafu miaka minne unapimwa kwa kalamu. Mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika, hakuna mtu anayekaa mbele yako akakusikiliza. Kwa hiyo mtu anamaliza na C yake nzuri kabisa na hajawahi kupimwa akiongea hata dakika moja tangu aanze shule. Walimu siwalaumu, darasa limejaa watoto mpaka mlangoni na mtihani unaojulikana ni ule, kinachopimwa ndicho kinachofundishwa, hata wewe ungekuwa mwalimu ungefanya hivo hivo.

Mi kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini. Kabla ya hapa nilisoma kozi sehemu nyingine, mji huu huu, kila Ijumaa testi, chagua herufi, jaza nafasi, geuza sentensi iwe ya wakati uliopita. Nilikuwa napata tisini na kitu. Cheti nikapewa, kina muhuri. Alafu mzigo wa mteja ukakwama, mtu wa kampuni ya meli yuko nje ya nchi anapiga simu anataka nimweleze kwa nini nyaraka zimerudishwa na kwa nini gharama za kontena kukaa azibebe yeye, na hoja mi ninayo, yani naijua yote, kwa Kiswahili ningembana mpaka akubali, ila kwa Kiingereza zilinitoka sentensi tatu tu. Zile testi zilinipima kama najua neno likae wapi. Hakuna hata moja iliyonipima kama naweza kumfanya mtu akubaliane na mimi.

Hapa Chumbageni siku ya kuandikishwa hawakupi karatasi. Unaitwa chumba cha pili, mwalimu anakuomba ruhusa ya kurekodi, anaweka picha mezani mnaanza kuongea. Yangu ilikuwa wavuvi wanashusha samaki, unaweza kudhani ni pale Deep Sea, wanaposhushia samaki hapa Tanga. Anaanza kwa mepesi, unaona nini, hawa wanafanya nini, alafu anapanda nawe taratibu: kwa nini bei ya samaki inapanda na kushuka, ikipanda nani anafaidi, na mimi nikikwambia kosa lote ni la wachuuzi utanijibuje. Unaona anavyokusogeza, kutoka kutaja vitu kwenda kwenye sababu, kutoka kwenye sababu kwenda kupinga. Waliosomea ualimu wataitambua hiyo ngazi, ni ile ya Benjamin Bloom na wenzake ya 1956, kujua na kuelewa viko chini, kuchambua na kutathmini viko juu. Ukishindwa huko juu anakushusha kwa upole mnamalizia kwenye kitu unachokiweza. Rekodi yako inatunzwa, ntaeleza baadaye inafanya kazi gani.

Baada ya hapo unapewa fomu ya vigezo, na unapewa kabla ya kupimwa, hili nalikazia manake sehemu nyingi vigezo anavijua mwalimu peke yake. Fomu ina safu tano. Nne za kwanza ni zile zile za mtihani wa kuongea wa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa: kwanza mtiririko na mawazo kufuatana, pili msamiati, tatu sarufi, nne matamshi, na kule IELTS vyote vinne vina uzito sawa. Safu ya tano wameiongeza wao wenyewe wakaiita hoja, na chini yake kuna maswali. Umetoa sababu? Sababu yako ina mfano au ushahidi? Umeusikia upande wa pili ukaujibu? Ulipoletewa jambo jipya ulilifikiria ama uling'ang'ania tu ulichokuja nacho? Kila safu ni moja mpaka tano, na hazijumlishwi. Nilimuuliza ticha mbona hazijumlishwi, akaniambia ukijumlisha utawaweka kapu moja mtu anayefikiri vizuri kwa Kiingereza kibovu na mtu anayeongea Kiingereza kitamu bila kusema kitu.

Na hilo nililiona kwa macho. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja anauza samaki kwa jumla, sote tulikuwa tunamwita Bi Mkubwa. Siku hiyo mada ni marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 2019, imesaidia ama haijasaidia. Vijana waliotoka chuo wakaongea laini sana, mazingira ni muhimu, tutunze mazingira, mazingira ni maisha yetu, makofi. Bi Mkubwa akasimama. Vitenzi vinagongana, wakati uliopita na ujao vimechanganyika, lakini msikilizeni alichosema: marufuku ilimgusa kwanza muuza samaki, kwa sababu samaki mbichi anatoa maji na karatasi inalowa njiani, mteja anarudi na lawama, hiyo ni hasara. Alafu wateja wakaanza kuja na vikapu vyao, na wale kina mama wanaosuka ukili wakapata soko ambalo hawakuwa nalo, hiyo ni faida, ila ya mtu mwingine. Alafu akauliza, mbona vile vifuko vyembamba vya kufungia bado naviona sokoni, nani anaviingiza, na kama vinaingia tunasemaje marufuku imefanikiwa? Chumba kizima kimya. Sarufi alipata mbili. Matamshi tatu. Hoja tano, na ilikuwa tano ya haki kabisa.

Kwa testi ya karatasi yule mama angeambiwa hajui. Na angeamini, manake ndivyo alivyoambiwa tangu shule. Kufikiri ni kitu kimoja na Kiingereza ni kitu kingine, na sisi tumevichanganya miaka mingi mno, mtoto kidato cha kwanza amekaa kimya nyuma anaitwa mzito kumbe jibu analo la Kiswahili na hamna aliyemuuliza. Hili linaniuma kweli na ndio maana nimeandika haya yote. Hiki kituo kinavipima kando kando, mtu anatoka anajua kabisa kilichopungua kwake ni nini, ni maneno ama ni mawazo, na kila kimoja kina dawa yake.

Kwa sababu hiyo hiyo wanakuruhusu kujipanga kwa Kiswahili. Mnapewa dakika chache, mnaongea wawili wawili kwa lugha yoyote, mkisimama ndio inakuwa Kiingereza. Kuna mtu alilalamika kwamba hii itatufanya tusizoee, mi sikubaliani naye, ukimlazimisha mtu afikirie kwa lugha asiyoiweza utapata mawazo ya mtoto kutoka kwa mtu mzima. Na ukikwama katikati mwalimu hakuachi uzame. Anakupa kidokezo kidogo, ukikwama tena anaongeza, na pembeni anaandika umehitaji msaada kiasi gani. Ukija kupimwa tena kwa kazi ya aina ile ukahitaji kidokezo kimoja badala ya vinne, hayo ni maendeleo hata kama namba kwenye safu imebaki pale pale. Huku kupima na kusaidia kwa pamoja kuna mizizi kwenye mawazo ya Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, aliyekuwa anasema uangalie mtu anachoweza kukifanya akisaidiwa, usiangalie tu anachoweza peke yake. IELTS huwezi kupata hiyo. Pale ni dakika 11 mpaka 14 na mtahini, sehemu ya katikati unapewa dakika moja ya kujipanga uongee mpaka dakika mbili, ukikwama umekwama, na haki yao manake wao wanatoa cheti cha dunia nzima na kila mtu lazima apimwe sawa. Kila upimaji una kazi yake.

Dibeti zipo mara kwa mara. Iliyowaka ni ya mkonge, kwamba kijana wa Tanga arudi kwenye mkonge asikimbilie mjini. Kila upande ulitakiwa uje na historia yake, kwamba mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwamba mkoa huu uliishi kwa kamba, kwamba nyuzi za viwandani ziliposhika soko bei ikaanguka, kwamba mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kila taarifa unaambiwa useme inasaidia upande gani na kwa nini, manake tarehe peke yake sio hoja. Kuna kanuni mbili nilizozipenda. Ya kwanza, huruhusiwi kumjibu mtu mpaka useme alichosema kwa maneno yako mwenyewe na yeye akubali ndio hivo alivyosema. Jaribuni hata nyumbani kwa Kiswahili muone ilivyo ngumu! Ni kama bao, lazima uzisome kete za mwenzako kabla hujacheza zako. Ya pili, katikati ya mchezo kengele inalia mnabadilishana pande. Kijana aliyekuwa anaponda mkonge kwa nguvu zote sasa autetee. Pale ndipo safu ya hoja inapojazwa, wanaangalia kama mtu anaweza kuiona dunia kutoka upande aliokuwa anaupinga, na kwa Kiingereza, akiwa amesimama, bila karatasi.

Ila kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya Mapango ya Amboni. Tulienda Jumamosi, ni kilomita kama 8 kutoka mjini njia ya Mombasa. Kila mmoja alipewa kituo chake ndani ya pango awe mwongoza watalii, wengine wote ni watalii, na kila mtalii lazima aulize swali, na swali lenyewe liwe la umejuaje. Basi.

Wa kwanza akaeleza mapango yalivyotokea, kwamba ni mwamba wa chokaa, maji yanauyeyusha polepole kwa miaka mingi mno, vyumba vinabaki. Akaulizwa umejuaje. Akaonyesha ukutani, akaonyesha yale mawe yanayoning'inia kutoka juu, akaeleza tone la maji linavyoacha chembe ya chokaa linapodondoka. Ushahidi uko mbele yetu tunaugusa.

Wa pili akaja na ile tunayoijua wote tuliozaliwa hapa, kwamba pango linatokea Mombasa. Akaeleza vizuri, msamiati umejaa. Umejuaje? Akasema wazee. Mtalii mwingine akamuuliza, wazee walifika ama na wao walisimuliwa? Mwingine akauliza, kama lingetokea Mombasa si kungekuwa na mdomo upande ule, uko wapi? Sasa hapo ndipo nilipoona kazi ya mwalimu mzuri, manake angeweza kuachia yule dada aaibike, au kutuacha tuwacheke wazee wetu, hakufanya lolote kati ya hayo. Akamuuliza kwa Kiingereza, je hadithi hii inatuambia nini hata kama njia haipo? Dada akafikiri, akasema inatuambia watu wa hapa na wa Mombasa walijiona ni ndugu, na inatuambia pango ni refu kiasi kwamba walioingia hawakuuona mwisho. Akatenganisha kinachoweza kuthibitishwa na kinachosimuliwa, na hakukidharau kinachosimuliwa. Yupo mtu aliyewahi kupimwa hivo shuleni? Mi sikuwahi.

Wa tatu alipewa Osale Otango, yule aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya mkoloni. Kuna wanaosema alikuwa mpigania uhuru akiwapa maskini, kuna wanaosema alikuwa jambazi tu. Kazi yake haikuwa kuchagua. Alitakiwa aeleze nani anasema nini, na kila anayesema anapata nini kwa kusema hivo. Mkoloni akimwita jambazi ana sababu zake, na aliyeibiwa naye ana zake. Yule kaka ni dereva wa bajaji, alisoma mpaka kidato cha pili. Aliongea dakika kama tano na watalii wake wakasahau kwamba ni mtihani. Pia kuna sehemu watu huenda kutambika humo, na tuliambiwa tupite kwa heshima, sauti chini, hilo nalo lilikuwepo kwenye vigezo vya mwongoza watalii, kujua useme nini wapi.

Sasa kupimana wenyewe kwa wenyewe. Hapa mwanzo kulikuwa na tatizo na tatizo ni sisi wa pwani. Tulipoambiwa tujaze fomu za wenzetu kila mtu alimpa mwenzake tano, safu zote. Utampaje mtu mbili wa sarufi na mnakaa mtaa mmoja? Tena kulikuwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu, tunamwita Babu Mwalimu, anakuja kujikumbusha, nani atathubutu kumpa tatu. Ticha akaondoa namba. Akasema mwenzio usimpe marksi, mwandikie vitu viwili tu: sentensi moja aliyosema ikakufanya ufikiri, uiandike kama alivyoisema, na swali moja ambalo bado unalo. Mambo yakabadilika palepale. Kunukuu sentensi ya mtu lazima uwe ulimsikiliza, na kumuuliza mkubwa swali sio utovu wa adabu kama kumpa namba. Babu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa anapokea maswali mengi kuliko wote na anayafurahia, anarudi kesho yake na majibu kayaandika. Mi nawashauri walimu wa sekondari mnaosoma hapa mlichukue hili, halihitaji hela wala umeme.

Kila mtu ana faili lake. Ndani kuna fomu zako zote, maswali ya wenzako, na karatasi ya kujipima mwenyewe yenye sentensi za "naweza". Naweza kutoa kwa ufupi sababu na maelezo ya maoni yangu. Naweza kueleza msimamo wangu kwa kutaja faida na hasara za kila njia. Hizi zimetoka kwenye vile viwango vya lugha vya Ulaya vilivyotolewa 2001, kuanzia A1 ya chini kabisa mpaka C2 ya juu kabisa, hiyo ya kwanza ni B1 na ya pili ni B2, kwa hiyo ukijua uko kwenye ipi unaweza hata kumweleza mwajiri kwa lugha anayoifahamu. Unaweka alama mwenyewe alafu unaonyesha ushahidi, huwezi kuandika naweza bila kusema uliweza lini. Vois noti nazo zinaingia, kila wiki unatumwa swali kwenye grupu la WhatsApp, unajibu kwa sauti dakika mbili. Na mwisho wa kozi unakaa na mwalimu mnasikiliza ile rekodi ya siku ya kuandikishwa alafu mnasikiliza ya sasa. Yangu ya kwanza nilikuwa nataja samaki, mtumbwi, mtu, samaki. Ya mwisho ilikuwa inabishana na mwalimu kuhusu tozo, kwa utulivu, na nilimwambia hapo umehama mada. Kiingereza kina makosa bado. Ila juzi juzi ile kampuni ya meli wamepiga tena na mazungumzo yaliisha vizuri, mteja hakulipa ambacho hakikuwa chake.

Haya, mabaya sasa, manake yapo.

Mrejesho unachelewa. Kumsikiliza mtu mmoja mmoja kunakula muda, huwezi kusahihisha watu ishirini na kitu waliorekodiwa kwa usiku mmoja kama unavyosahihisha chagua herufi, naelewa kabisa, lakini kuna wakati ulikuwa unapata maoni ya dibeti wakati dibeti yenyewe umeshaisahau. Kundi la Jumamosi ndilo baya zaidi, limejaa, mtu anaweza kumaliza kipindi na hajapata zamu. Ukiweza ingia la Jumanne na Alhamisi.

Walimu ni wawili na hawatoi sawa. Mmoja ni mkali wa matamshi, mwenzake ukieleweka ameridhika. Nilimuunga mkono aliyesema wasikilize rekodi moja wote wawili na walinganishe kabla ya kuandika, wakasema watafanya, na kwa upimaji wa mwisho walifanya kweli, ila katikati hawafanyi. Upimaji wa kuongea bila watahini wawili kukubaliana unaweza kumuonea mtu, hilo walisimamie. Tena kwenye matamshi ningependa waseme wazi kwamba lafudhi yetu sio kosa, kinachotakiwa ni kueleweka, manake kuna dada alikatwa marksi kwa kuongea kama mtu wa Tanga, na yeye ni mtu wa Tanga!

Waoga wa kusimama mbele za watu wanaumia mwezi wa kwanza. Mnyamavu anaweza kuwa na hoja tano akapata mbili kwa sababu hakuinua mkono. Wameanza kuwapa nafasi ya kurekodi nyumbani badala ya kusimama, vizuri, ila mpaka uombe.

Bando ni lako. Vois noti, rekodi, kudaundilodi, mwisho wa mwezi inaonekana.

Na cheti. Wanakupa barua yenye maelezo ya unachoweza kufanya pamoja na faili lako, sio cheti cha madaraja. Binafsi naona ina maana kuliko kile changu chenye muhuri, lakini ofisi nyingi hazijui kuisoma. Tangu habari za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa kwetu, vijana wengi wanakimbilia Kiingereza cha kuombea kazi na wanataka karatasi. Kama tangazo la kazi ama chuo cha nje limetaja IELTS kwa jina, hapa utajinoa vizuri sana kwa ile sehemu ya mazungumzo ya mwisho ambapo unaulizwa mambo ya kufikirisha, ila mtihani wenyewe utaenda kuufanya kwingine na kuandika utajifunza kwingine.

Kwa hiyo wasioende ni hawa: mwanafunzi wa kidato cha nne aliyebakiza miezi michache. Mzazi mmoja alimtoa mwanae akasema mtoto anabishana tu hapa na mtihani ni wa kuandika, na kwa hali ilivyo ana haki, mtoto huyo anahitaji insha na sarufi kwanza. Mtaala mpya ulioanza 2024 unazungumzia umahiri na fikra tunduizi, na mi natamani siku moja sauti ya mtoto ihesabiwe kwenye matokeo yake, lakini saivi mtoto anapimwa kwa kilichopo. Wa kidato cha kwanza na cha pili mleteni, wana muda, na watakaa darasani kwao bila kuogopa kuuliza.

Wanaofaa zaidi ni watu wa kazi. Bandarini, hotelini, waongoza watalii, manesi, madereva, wafanyabiashara wa mpakani Horohoro, na walimu wenyewe, tena walimu ningewaweka namba moja, waje wakae kama wanafunzi waone mtu anavyojisikia akisikilizwa badala ya kusahihishwa.

Ada ni 70,000 kwa mwezi, unaweza kulipa mara mbili ukiongea nao. Safari ya Amboni nauli na kiingilio unajilipia. Vipindi saa kumi na moja na nusu jioni, wanasimama kwa swala ya magharibi alafu mnaendelea, na kina mama wenye watoto wadogo wanaruhusiwa kuja nao. Nawapa nyota nne, ya tano nimeibakiza kwa ajili ya mrejesho unaochelewa na kundi la Jumamosi. Ukienda kuuliza, kabla hujatoa hela waombe wakuonyeshe ile fomu ya safu tano na wakuruhusu ukae kipindi kimoja nyuma, hawakatai, mi dada yangu walimruhusu na hakutoa hata senti siku ile.